Ada na ruhusa ya kufanya mtihani wa mkanda wa karate klabu nyingine

Wakuu, kijana wangu anacheza karate ya mtindo wa Shotokan hapa Moshi. Mtihani uko Arusha, klabu nyingine. Ruhusa inaombwaje, na ada?

— Mkuu, barua aandike sensei (mwalimu) wake: jina, mkanda wa sasa, tarehe ya mtihani uliopita, saini. Bila hiyo, hata akifaulu, klabu yake inaweza kuukataa mkanda.

— Ada ulizia moja moja: ya mtihani, cheti, mkanda wenyewe, nyongeza ya mgeni. Mara nyingi hutajwa ya kwanza tu. Akifeli, je, analipa upya?

— Kwanza hakikisha klabu ya Arusha ni ya Shotokan kweli. Mtindo wa Goju-ryu kwa kawaida huanza na kata (mfuatano maalumu wa mapigo na kinga) iitwayo Gekisai Dai Ichi, Shotokan na Heian Shodan. Ikiwa ni mtindo mwingine, atadaiwa kata asiyofundishwa.