Naomba ushauri: Je, Inside Out 2 inamfaa mtoto wa miaka 7?

Ndugu wanakikundi, nawasalimu kwa heshima. Binti yangu wa miaka 7 aliipenda mno filamu ya katuni Inside Out ya mwaka 2015, ambamo hisia za msichana Riley ni wahusika wanaoishi kichwani mwake, hasa Huzuni, yule wa rangi ya buluu, na sasa ananisihi nimwoneshe sehemu ya pili iliyotoka mwaka 2024, ambamo Riley ametimiza miaka 13 na kichwani mwake zimeingia hisia mpya, ukiwemo Wasiwasi. Walioitazama wananipa maoni yanayopingana: dada yangu anasema ilimsaidia mwanawe kuueleza woga wake kwa maneno, ilhali jirani anadai ni filamu ya watu wazima iliyovikwa rangi za watoto (hapo naona ametia chumvi). Nimeitazama kwanza peke yangu, nikasita kwenye tukio la mchezo wa hoki ya barafuni, Riley anapolemewa na hofu hadi pumzi zinamwishia, kwa sababu binti yangu naye hukosa usingizi kila mitihani inapokaribia. Je, wenzangu mlioitazama na watoto wa umri huo, tukio hilo liliwatisha? Na je, nimwandae mapema kwa maelezo, au nisubiri aulize mwenyewe?