Poti 587 iko wapi kwenye ruta yangu?

MamaSaiba, Kondele:
Jameni, nina saiba ndogo hapa Kisumu. Tangu Alhamisi barua pepe zinaingia vizuri tu, lakini kutoka hazitoki, zinarundikana. Nikampigia fundi wa neti. Akasema, "Mama, mteja wako anagonga poti 25 na imefungwa. Mwambie agonge 587." Mteja niliyekuwa naye saa hiyo ni mwalimu mstaafu, anachapa kumbukumbu za chama kwa kidole kimoja. Nikamwuliza, "Mwalimu, umegonga nini?" Maskini akainua mikono yote miwili juu ya kibodi. Nikageuza ruta: matundu manne ya manjano, moja la buluu. Sasa 587 ni lipi? Fundi naye hashiki simu.

FundiWaya, Nakuru:
Pole mama, nimecheka hadi chai ikanipalia. Mwalimu hana kosa. "Mteja" kwa mafundi ni programu inayoomba huduma. Seva ndiyo inayohudumia. Na poti aliyoitaja si tundu, ni nambari tu. Chukua ploti ya vyumba vya kupangisha: anwani ya IP, yaani nambari ya kompyuta kwenye mtandao, inakufikisha getini, nambari ya poti inakuambia ubishe chumba gani. Vyumba ni vingi, nambari zinafika 65,535. Hiyo 25 ni ya seva kupelekeana barua zenyewe kwa zenyewe, na kampuni nyingi za intaneti huwazuilia wateja wa kawaida (hapo mteja ni mtu, samahani) kwa sababu ya barua taka. Programu yako itume kwa 587, pamoja na jina na nywila. Kupokea kuna mlango wake, mara nyingi 993, ndiyo maana zinaingia. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya barua zinazotoka, ubadilishe hapo.

Kijana_Kakamega:
Shukuru hakusema bandari. Kitini nilichosomea kiliandika "funga bandari zote usizotumia", na mimi ni mzaliwa wa Kisumu, akilini nikaona meli. Si waite mlango tu?

FundiWaya:
Mlango? Na getiwei, kile kifaa cha kutokea kwenda mtandao mwingine, utaiita lango? Mwache mama apumue.

MamaSaiba:
Imekubali! Zimetoka 17 kwa mpigo, pamoja na kotesheni ya kadi za harusi iliyofanyika juzi. Mwalimu anauliza kama sasa anaruhusiwa kugonga.