Tangu daraja la Busisi lifunguliwe, nusu saa yangu ya utulivu imekwenda wapi?

Msafiri wa Nyegezi

Habari za jioni, ndugu zangu. Kwa miaka 6 sasa nimekuwa nikienda Sengerema mara 2 kwa wiki kupeleka vifaa vya umeme wa jua. Hadi Juni 2025 tulivuka Ziwa Victoria kwa kivuko cha Kigongo–Busisi, hapa Mwanza: basi likifika tunashuka, tunaingia kivukoni kwa miguu, tunavuka kwa karibu nusu saa, na siku yenye foleni tunaweza kusubiri kwa saa 2 au zaidi kabla ya zamu yetu. Sasa tuna Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, na basi hulimaliza kabla sijafika mwisho wa ujumbe ninaousoma kwenye simu.

Siombi kivuko kirudi. Kinachonisumbua ni kwamba muda niliookoa siuoni mahali popote, kwa sababu nimeujaza wateja wengine na bado ninafika nyumbani nimechoka kuliko zamani. Majuzi mwanangu wa miaka 5 aliniuliza kama yule ndege anayesimama hewani bado yupo, nami sikuwa na jibu. Alikuwa akimkusudia mdiria, yule mweusi kwa mweupe, ambaye hupigapiga mabawa papo hapo juu ya maji huku kichwa kimetulia kabisa, kisha hujitupa ziwani na kuibuka na samaki mdomoni. Nilikuwa nikimsimulia habari zake kila nilipotoka safari. Je, wenzangu mnafanyaje ili siku isipite bila kuona chochote?

Muuguzi wa ng'ambo

Ndugu yangu, nakuelewa, lakini naomba tusikipambe kivuko kupita kiasi. Nimefanya kazi upande wa Sengerema, na nimewahi kukaa ndani ya gari la wagonjwa pale Busisi usiku, nikiwa nimeshika mkono wa mama mjamzito aliyekuwa akivuja damu, huku taa za kivuko zikionekana bado ziko ng'ambo. Usiku ule hapakuwa na uzuri wowote wa ziwa. Mama yule alipona, namshukuru Mungu, ila kila ninapopita darajani humkumbuka. Kwa hiyo naona swali lako halihusu daraja hata kidogo, bali wale wateja uliowaongeza. Ni nani aliyekulazimisha kuwaongeza?

Mama wa Igombe

Mimi ni mchuuzi wa dagaa, na kazi yangu haikubali kuharakishwa. Wavuvi wetu huvua kwa taa usiku wa giza, kwa kuwa dagaa hufuata mwanga. Mbalamwezi ikishapevuka, taa hazivuti kitu, basi mitumbwi hupandishwa ufukweni na watu hushona nyavu kwa siku kadhaa. Zamani niliziona siku hizo kuwa za hasara, nikawa nazunguka mjini kutafuta kibarua. Siku hizi hukaa na wasichana wangu mchangani, tukachagua dagaa waliobaki kwenye turubai. Asubuhi huwa wanang'aa kama fedha, na adhuhuri wanapokauka hufifia na kuanza kutoa ile sauti ya kuchakarika ukiwapitishia mkono. Sauti hiyo ndiyo hunijulisha kwamba wako tayari, wala sihitaji kutazama saa. Mvua ikitishia tunakimbia, tena sana. Lakini ikiwa haitishii, kwa nini nikimbie?

Mzee wa Magu

Mwangaluka, wanangu. Baba yangu alikuwa hapiti mtu njiani bila kusimama: atasalimu, ataulizia nyumbani, ng'ombe, mvua, ndipo aseme lililomtoa kwake. Tulipokuwa wadogo tulikereka, maana mnadani tulifika wa mwisho. Leo vijana hunipungia mkono wakiwa juu ya bodaboda, na siwalaumu, kwa kuwa wana riziki ya kutafuta. Hata hivyo, nikimsimamisha mmoja wao na kumwuliza habari za mama yake, huzima injini, na mara nyingi yeye ndiye huchelewa kuondoka.

Msafiri wa Nyegezi

Shikamoo, mzee, na asanteni nyote. Dada muuguzi, swali lako lilinikaa kooni kwa siku 3, kwa maana hakuna aliyenilazimisha. Nimewaahirisha wateja 2 wa Alhamisi. Jana nilishuka Busisi, nikatelemka hadi karibu na kilipokuwa kikitia nanga kivuko. Fungu la magugu maji lilikuwa likielea taratibu na yangeyange mmoja juu yake, na malori yalikuwa yakinguruma kule juu darajani. Mdiria alichelewa kutokea, lakini alitokea. Alijitupa mara 3 akikosa, na mara ya 4 sikusubiri kuona, kwa sababu nilikuwa nimeshampigia simu mwanangu kumwambia kwamba yupo.