Mrejesho: modeli ya neva iliyokuwa ikijaa "nan"

Wakuu, niliuliza kwa nini modeli ya Hodgkin na Huxley (1952), yaani milinganyo ya umeme wa seli ya neva, niliyoiandika kwa lugha ya programu ya Python, inajaa "nan" (alama ya jibu lisilo namba). Imetengemaa. Hatua ya muda ya 0.1 ms ni kubwa mno kwa mbinu ya Euler, inayokokotoa volteji hatua kwa hatua: chaneli za sodiamu zikifunguka kwa kasi, volteji inapitiliza na hesabu inalipuka. Tumieni 0.01 ms. Pia volteji ikigonga −40 mV kamili, alfa ya m (kasi ya kufunguka kwa milango ya chaneli za sodiamu) inakuwa sifuri kugawanya kwa sifuri. Hapo wekeni 1. Alfa ya n (ya milango ya chaneli za potasiamu) hufanya vivyo hivyo kwenye −55 mV, wekeni 0.1. Sasa mkondo wa 10 µA/cm² unatoa misukumo mfululizo, inapendeza mno! Wenzangu wa Kigoma na Ujiji, kwa seli moja laptopu ya kawaida inatosha. Asanteni sana mliojibu.