Dawa ya tezi dume kwa jiwe lililokwama: inasaidia kweli?

Mama wa Changamwe:
Assalamu alaykum. Mume wangu, mpakuzi wa mizigo bandarini Kilindini, alishikwa na kichomi cha ubavu kilichoteremka hadi kinenani, na skani ikaonyesha jiwe la milimita 6 limekwama mwisho wa mrija utokao kwenye figo, karibu na kibofu. Daktari amemwandikia diklofenaki ya maumivu na tamsulosini ya miligramu 0.4, mara moja kwa siku. Alipoisoma karatasi iliyomo ndani ya boksi akakuta ni dawa ya tezi dume, na tangu hapo amegoma kuimeza, kwani ana miaka 34 na tezi yake haina shida. Je, daktari amekosea?

Mfamasia, Tononoka:
Wa alaykumu salaam, dada yangu. Hakukosea. Dawa hii huilegeza misuli ya tezi na ya shingo ya kibofu, na misuli ya namna hiyohiyo imeuzunguka mrija unaoteremsha mkojo kutoka kwenye figo, hasa sehemu yake ya chini. Ikilegea, jiwe hupata njia. Karatasi haitaji mawe kwa sababu kibali cha dawa kilitolewa kwa ajili ya tezi, lakini madaktari huwaandikia hata wanawake. Aimeze baada ya chakula, wala asiinuke kwa pupa, maana hushusha presha na kuleta kizunguzungu, jambo la hatari kwa anayepanda juu ya makontena. Huenda pia shahawa zikapungua au zisitoke kabisa hadi aiache dawa. Nalisema waziwazi kwa kuwa wanaume huiacha kimyakimya kwa sababu hiyo.

Daktari, Nyali:
Naongeza neno. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la Lancet, wenye wagonjwa zaidi ya 1,100, haukuona faida: takriban wanane katika kila kumi hawakuhitaji matibabu mengine ndani ya wiki 4, wawe walipewa tamsulosini, nifedipini (dawa ya presha) au kidonge kisicho na dawa. Hata hivyo, wengi wao walikuwa na mawe madogo, ambayo aghalabu hushuka yenyewe. Utafiti mkubwa wa China wa mwaka 2018, wenye wagonjwa zaidi ya 3,000, ulionyesha faida kwa mawe ya chini ya mrija yaliyozidi milimita 5, ingawa si faida kubwa. La mumeo limo humo, kwa hiyo ningemwandikia vivyo hivyo.

Muuguzi, Likoni:
Shemeji akojolee kwenye kichujio cha chai, na jiwe likitoka lipelekwe maabara lijulikane ni la aina gani, kwa sababu mawe ya asidi ya yuriki huweza kuyeyushwa kwa sitrati ya potasiamu, dawa inayopunguza asidi ya mkojo, yakirudi tena. Lisiposhuka kwa wiki 4 hadi 6, arudi kwa daktari. Akipata homa na kutetemeka, au mkojo ukikatika, mpelekeni hospitali usiku huohuo, kwani maambukizi nyuma ya jiwe hayangojei dawa ya kulishusha.