Usiku wa watazamaji weusi: uwepo au usiwepo kwenye misimu ya maonyesho ya mtaani Uingereza?

Mleta mada

Wadau, tujadili bila kurushiana maneno. Misimu ya sanaa za watu weusi Uingereza imeanza kuiga kitu kinachoitwa Black Out: onyesho moja katika mfululizo ambalo walioalikwa hasa ni watazamaji weusi. Lilianzia Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za tamthilia New York, tarehe 18 Septemba 2019, pale tamthilia ya Jeremy O. Harris, Slave Play, ilipochezwa Golden Theatre mbele ya viti 804 vilivyotengwa kwa watazamaji weusi. London, ukumbi wa Stratford East ulifanya la kwake Julai 2023. Mwaka uliofuata Slave Play ikaingia Noël Coward Theatre kwa wiki 12, maonyesho mawili yakatengwa, 17 Julai na 17 Septemba. Ofisi ya waziri mkuu wa wakati ule, Rishi Sunak, ikasema kuwawekea watu mipaka kwa rangi ni kosa na kunaleta mgawanyiko. Waandaaji wakajibu kwamba hakuna atakayerudishwa mlangoni.

Hayo ni ya kumbi kubwa. Swali langu ni la msimu wa mtaani: ukumbi wa viti 200, wasanii wa hapohapo, fedha za kuungaunga. Uwe na usiku huo? Mimi nasema uwe nao, na sababu si siasa. Mwanamke wa Kijamaika au wa Kikongo anapomjibu mwigizaji kwa sauti, ndivyo tamthilia inavyotazamwa kwao. Kwenye kumbi za kawaida mhudumu humjia na tochi kumnyamazisha. Usiku mmoja bila tochi si dhambi.

Wakili wa Mtaani

Mkuu, sheria kwanza. Sheria ya Usawa ya 2010, kifungu cha 29, inamkataza mtoa huduma kumbagua mteja, na ukumbi unaouza tiketi ni mtoa huduma. Ubaguzi wa moja kwa moja kwa rangi hautetewi kwa nia njema. Ukiandika "weusi tu" kwenye bango umeshajifunga mwenyewe.

Kinachobaki wazi ni kifungu cha 158: hatua za kuwavuta watu wa kundi ambalo una sababu ya msingi ya kuamini kwamba ushiriki wao ni mdogo mno, na hatua yenyewe iwe ya kadiri, isizidi tatizo. Kwa hiyo tafuta takwimu za tiketi za ukumbi wako kabla ya kuchapa tangazo, uziweke kwenye faili. Usiku mmoja kati ya kumi ni kadiri. Usiku watano kati ya kumi, jiandae kujieleza. Na neno salama ni "tunawaalika", basi.

Dirisha la Tiketi

Wakili kasema kweli, ila mambo haya huharibikia kwenye mfumo wa tiketi zaidi ya mahakamani. Chukua viti 200. Zuia 140 vitakavyofunguliwa kwa nambari za mwaliko, acha 60 kwa mauzo ya kawaida. Wiki 10 kabla, andika orodha ya vikundi: makanisa, saluni, vyama vya wanafunzi, vilabu vya chakula cha mchana vya wazee, vyama vya wahudumu wa majumbani, jumuiya za Wasomali, Wakongo, Waswahili. Kila kikundi kipewe nambari YAKE, yenye kikomo cha tiketi 10 hadi 15.

Kosa linalorudiwa kila mara ni kutoa nambari moja kwa wote. Ikishaingia kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mia tatu huwezi kuifunga bila kuwafungia hata wale uliowalenga. Ukiwa na nambari tofauti kumi na mbili unaona ipi imevuja, unazima hiyo tu. Pia ziwekee mwisho: siku 21 kabla ya onyesho zife, viti visivyochukuliwa virudi sokoni.

Bei: usitoe bure kabisa. Tiketi ya bure haina uchungu, mvua ikinyesha watu hawaji, na utabaki na viti vitupu huku umeandika "zimekwisha" kwenye tovuti. Hata pauni 5 inatosha kumfanya mtu apande basi.

Mlangoni, maagizo kwa wahudumu ni sentensi moja: mwenye tiketi anaingia. Hakuna kumkagua mtu rangi, hakuna kumuuliza mwenye mume Mzungu "huyu je?". Mhudumu asiyeweza hilo apangiwe kazi ya makoti.

Halafu saa! Zamu nyingi hospitalini, zile za urefu wa saa kumi na mbili, huisha saa moja na nusu usiku, na pazia hufunguliwa saa moja na nusu usiku. Manesi na wahudumu wa wagonjwa, ambao wengi ndio watu mnaowatafuta, mmeshawafungia nje kwa ratiba. Wekeni onyesho la Jumapili saa kumi jioni, ibada zikiwa zimekwisha, na muwaruhusu wanaochelewa kuingia kati ya sehemu moja ya mchezo na nyingine.

Fundi Taa

Mnabishana nani akae kwenye viti, jukwaani mtu haonekani. Hilo ndilo linaloniudhi kwenye misimu hii. Ukumbi unakodishwa na taa zilezile zilivyopangwa kwa igizo la wiki iliyopita, nyuma kuna pazia jeupe linalowaka, mbele mwigizaji mwenye ngozi nyeusi sana. Jicho hujirekebisha kwa kile kinachong'aa zaidi, kwa hiyo uso unazama. Fundi asiyejua anaongeza mwanga wote, pazia linazidi kuwaka, uso unazidi kuzama.

Dawa ni kupunguza nyuma. Pazia liwe la kijivu au lizimwe nusu. Kisha taa za pembeni, kulia na kushoto, za juu kidogo ya kichwa, ili mashavu na taya zipate ukingo. Za mbele zishuke pembe, zisitoke darini moja kwa moja maana macho yatakuwa mashimo. Rangi za karatasi za kuchujia mwanga: dhahabu hafifu kama namba 152 ya kampuni ya Lee, au zambarau hafifu kama Lee 136. Kijani na bluu ya chuma mbele ya uso hapana, ngozi inakuwa ya majivu. Na asiyeigiza asisimamishwe badala ya mwigizaji wakati wa kulenga taa, hasa akiwa na ngozi nyeupe. Asimame mwigizaji mwenyewe. Ongezeni saa mbili kwenye ratiba ya ufundi, mzilipie.

Nywele ni hivyohivyo. Kusuka mistari ya kulaza chini ya wigi ni saa nzima, rasta ndefu zinaweza kula saa sita. Kama bajeti haina msusi, mwigizaji atasukwa Jumamosi kwa fedha zake. Hayo yarekebishwe kwanza, ndipo tuzungumze usiku maalumu.

Mleta mada

Fundi, hoja yako siipingi, ila kwa nini "kwanza"? Msusi na nambari za mwaliko havigombanii fungu moja. Kutuma nambari hizo 12 ni kazi ya mchana mmoja.

Bibi Kalenda

Mimi napinga usiku huo kwa sababu nyingine: mnajibana kwenye Oktoba. Oktoba ni Mwezi wa Historia ya Weusi, ulioanzishwa Uingereza mwaka 1987 na Mghana Akyaaba Addai-Sebo, na ulifanya kazi yake. Leo kila shule, maktaba na halmashauri inataka mpiga ngoma mwezi uleule. Mpiga ngoma ni mmoja. Novemba simu haiiti. Ukiongeza usiku maalumu ndani ya mwezi maalumu unakuwa na kisanduku ndani ya kisanduku.

Sogezeni msimu. Juni kuna Siku ya Windrush, tarehe 22, siku wahamiaji kutoka Karibiani waliposhuka kwenye meli ya Empire Windrush bandarini Tilbury mwaka 1948. Julai na Agosti epukeni: wapiga ngoma za chuma na washona mavazi wote wako kwenye maandalizi ya kanivali ya Notting Hill, London. Machi ni mtupu, kumbi ni rahisi, wasanii wapo.

Na kama ni kualika, lugha hualika. Mwaka 2012 Shakespeare's Globe ilichezesha tamthilia 37 kwa lugha 37, Kiswahili kikiwemo, bila kutaja rangi ya mtu. Chezeni onyesho moja kwa Kilingala au Kiyoruba muone.

Wakili wa Mtaani

Bibi, shikamoo. Lugha inasaidia, ila Mjamaika wa kizazi cha tatu Birmingham utamwalika kwa lugha gani?

Bibi Kalenda

Marahaba. Kwa Kijamaika, mwanangu. Nacho ni lugha.

Mleta mada

Swali la mwisho kwa Dirisha: nambari zikichukuliwa kidogo, tuseme tiketi 40 kati ya 140, unafanyaje?

Dirisha la Tiketi

Usifute onyesho wala usijaze viti kwa marafiki. Siku 21 kabla ya onyesho zile mia moja zinarudi sokoni kwa bei ya kawaida, usiku unabaki na jina lake, tochi zinabaki kabatini. Kisha unavipigia simu vikundi vilivyotumia sifuri na kuuliza swali moja: ilikuwa bei, saa au basi? Mara nyingi ni basi.