Ofisi ya nyumbani: nianze na kiti, inveta au meza? Bajeti milioni mbili na nusu

Kijana_wa_Goba
Wakuu habari za jioni. Nimechoka kufanyia kazi kitandani, nataka ofisi ya kueleweka hapa hapa nyumbani. Chumba kipo, hela ipo: milioni mbili na nusu, na haiongezeki hata mia. Nimebaki njia panda kati ya mipango mitatu.

A: kiti cha maana kabisa na meza ya fundi, mambo ya umeme nitajua mbele ya safari.
B: inveta (ile ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) na betri kubwa, kiti nichukue mtumba.
C: kila kitu cha kawaida. Kiti kipya cha Kariakoo, meza ya kuunga kwa skrubu, UPS ndogo (kiboksi chenye betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika), chenji inabaki.

Wenye uzoefu nishaurini, Jumamosi naingia mjini.

Volti230
Mkuu hujasema kitu. Kazi gani? Mchana au usiku? Laptopu au kompyuta ya mezani? Umepanga au kwako? Umeme wa hapo ukoje? Intaneti unatumia nini? Mtu anafungua uzi utadhani sisi waganga, tupige ramli.

Mama Nasra
Volti usimtishe mgeni 😂 Lakini kweli baba, tupe nyama.

Kijana_wa_Goba
Poa wakuu. Laptopu ninayo, na monita ya inchi 24 ninayo. Kazi ni huduma kwa wateja, simu na chati. Chumba futi kumi kwa kumi.

Volti230
Maswali sita, umejibu mawili. Haya, tupige hesabu na hicho ulichotoa.

Laptopu ikiwa kazini huku inachaji weka wati 50, monita 25, ruta 10, feni ya mezani 45, taa ya LED 10. Jumla 140. Betri ya 12V 100Ah kwenye karatasi ina wati-saa 1,200, yaani 12 mara 100. Kama ni ya maji au ya jeli usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 600, na inveta nayo inakula chake, unabaki na mia tano na ushee. Hapo ni saa tatu na nusu. Lithiamu ya ukubwa huo huo unaikamua mpaka asilimia 90 na haikasiriki, inakupa kama saa saba. Bei yake inauma, ukijumlisha na inveta zaidi ya nusu ya bajeti yako inaondoka, ila itakuwa inadunda wakati mwenye jeli anatafuta ya pili.

UPS ndogo ya 650VA ukiifungua ndani utakuta kibetri cha 12V 7Ah. Wati-saa 84! Hiyo ni ya kuhifadhi kazi, uage watu, uzime. Siyo ya kufanyia kazi. C ifute.

Na usije ukashawishiwa uchukue betri ya gari kwa sababu ni rahisi. Ile imeundwa kutoa moto mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiikausha kila siku haimalizi mwaka.

Mzee wa Keko
Naona mmekimbilia betri. Makalio yanakaa juu ya betri saa nane?

Kijana, kiti kwanza. Nenda kwenye viti vya mtumba vya ofisi, vile vinavyoshushwa kwa makontena. Usione haya, kaa juu yake dakika kumi huku mnapatana bei. Kipandishe mpaka mwisho, ukalie, utulie. Kikianza kushuka chenyewe polepole, bomba la gesi limekwisha, hata kama rangi inang'aa. Halafu kigeuze miguu juu uangalie ile nyota ya miguu mitano. Kama ni plastiki na ina mistari myeupe karibu na katikati, hiyo siku moja itakulaza chali. Tafuta ya alumini au chuma. Mimi changu nilianziwa laki tatu nikatoka nacho laki na themanini, na mgongo umenyamaza.

Hivi vipya vya mgongo wa neti vya bei chee, sponji inalala mapema halafu unakalia ubao.

Dada_Iringa
Mtumba una kunguni.

Mzee wa Keko
Kunguni kwenye neti na chuma anakaa wapi?

Dada_Iringa
Kwenye mishono. Chini ya kitambaa cha kikalio. Kwenye matundu ya skrubu. Mzee wangu nimeishi bweni miaka, kunguni nawajua kuliko ndugu zangu. Ukileta kiti cha mtumba usikiingize ndani siku hiyo hiyo, fungua kikalio, mwagia maji ya moto kwenye mishono, anika juani. Mimi ningechukua kipya.

Jembe la Ofisini
Kipya cha bei gani? Tutajie basi, siyo kusema kipya tu.

Dada_Iringa
Sijasema najua bei, nimesema kunguni.

Mama Nasra
Mmejadili kiti na betri, meza mmeipita. Ngojeni niwape ya meza.

Niliagiza meza kwa fundi, mninga mtupu, urefu sentimita 140, upana 70, kimo 74, na droo mbili zenye kufuli. Nimemwandikia kwenye karatasi, nimechora na picha. Akaniapia mbao ina mwaka mzima imekaa kivulini. Nikatoa asilimia sabini. Njoo Ijumaa. Ijumaa nikaenda, shangazi yake kafariki. Nikampa pole na rambirambi juu. Ijumaa nyingine, randa imeharibika. Nyingine, kijana wa kupaka vanishi kapata kazi Kibaha. Mwisho ikaja na bodaboda ya matairi matatu, nzuri kwa macho, inanukia vanishi. Nikakaa. Mabega yamepanda mpaka masikioni! Kupima, kimo sentimita 82. Eti meza zote anapiga hivyo, wateja hawajawahi kulalamika.

Akaja na msumeno nyumbani. Akakata mguu mmoja baada ya mwingine kwa kukadiria, sasa inacheza. Mpaka leo mguu wa nyuma kulia nimeuwekea boksi la panadoli lililokunjwa.

Haikuishia hapo. Masika yakaingia, droo zikavimba. Ya juu ikagoma kabisa, na ndani yake baba Nasra kaweka hati ya kiwanja, na keshokutwa yake anatakiwa benki. Tuliifungua kwa bisibisi na nyundo saa tano usiku, ule mbele wa droo ukapasuka vipande viwili. Fundi nikimpigia ananiambia, "Mama, mbao inapumua." Ikapumulie kwake!

Mzee wa Keko
Pole mama. Ila fundi huyo hakuwa wa kwetu Keko, kwenye mafundi wa samani.

Mama Nasra
Nimesema wapi kwamba ni wa Keko? Mbona umeshtuka?

Mzee wa Keko
Sijashtuka. Nasema hivi: huo haukuwa mninga. Mninga ni katika miti michache isiyojikunja wala kuvimba ovyo, ndiyo maana watu wanaupendea milango. Uliuziwa mti mwingine ukapakwa rangi. Angalia chini ya meza ambako vanishi haikufika, mninga una kahawia ya kuelekea dhahabu, mara nyingine na michirizi myekundu. Ukikuta weupe weupe, umepigwa.

Jembe la Ofisini
Hata mninga ukiwa mbichi unahangaika. Usitetee chama.

Mama Nasra
Nimeingia chini ya meza na tochi ya simu. Sitaki kusema nilichokiona.

Pwani_Msa
Salaam kutoka Mombasa. Ndugu zangu mwabishana mbao na kunguni, na mtandao je? Kazi ya simu bila mtandao ni bure. Mie nilihangaika na faiba, kila mvua yakatika, nikaweka Starlink, intaneti ya satelaiti, na sasa nimetulia. Tena chumba kiwe na AC, joto la pwani hili huwezi kufikiri.

Volti230
Kenya mmeanza nayo 2023, huku kwetu suala la leseni aliulizie kwanza, usimpe kijana presha. Na AC ya nguvu ya farasi moja inataka wati 800 na zaidi. Kwa ile lithiamu tuliyoipigia hesabu hapo juu ni saa moja na dakika kidogo, halafu giza. Feni inatosha.

Kuhusu mtandao: faiba kama inafika, na laini ya simu ya kampuni nyingine kama akiba. Ruta ya faiba mtafutie kile kijiUPS cha 12V, kinauzwa peke yake, waifai inabaki hewani hata inveta ikizima.

Jembe la Ofisini
Laini mbili siyo kinga kamili. Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika kule chini ya bahari, wengi wetu tulikuwa na laini mbili na zote zikawa zinatambaa. Kampuni tofauti, baharini wanapita waya ule ule.

Pwani_Msa
Ndio nikasema satelaiti.

Volti230
Na mimi nikasema leseni.

Kijana_wa_Goba
Nimesoma yote wakuu, nashukuru. Nilisahau kusema kazi ni ya usiku, wateja wako Marekani. Naingia saa nne usiku natoka saa kumi na mbili asubuhi. Na chumba ni cha uani, nimepanga, juu bati bila dari. Mvua ikinyesha wateja wanauliza kama niko kiwandani. Je, hilo linabadilisha chochote?

Jembe la Ofisini
😂😂😂😂

Dada_Iringa
Bati bila dari, na kazi yako ni kupokea simu! Na wewe unauliza kiti.

Mama Nasra
Baba, dari kwanza. Jipsamu, na juu yake waweke sufi ile ya kuzuia joto. Kelele ya mvua haiishi yote ila utasikilizana na watu, na mchana chumba hakitakuwa tanuri, maana wewe ndio unalala mchana humo humo.

Jembe la Ofisini
Kaka, usiweke dari kwenye nyumba ya mtu. Ukimaliza tu, mwenye nyumba anakuja kutazama, anasifia, mwezi unaofuata kodi imepanda kwa sababu chumba sasa "kina hadhi". Mimi niliweka vigae nikapandishiwa. Tundika mapazia mazito ukutani, kapeti chini, nunua hedifoni zenye maiki ya mkono inayokaa mdomoni, ile isiyosikia vya pembeni. Vyote unaondoka navyo.

Mama Nasra
Pazia linazuia mvua ya bati? Pazia linaondoa mwangwi tu. Kelele inatoka juu.

Jembe la Ofisini
Waandikishane basi. Gharama ya dari ikatwe kwenye kodi.

Volti230
Kijana, swali la umeme bado. Chumba cha uani kina mita yake au umeme umevutwa kutoka nyumba kubwa?

Kijana_wa_Goba
Umevutwa, LUKU moja na mwenye nyumba, tunachangia. Kusema kweli mtaa wetu umeme haukatiki sana. Shida yangu ni units kuisha saa saba usiku. Naweza kununua kwa simu hapo hapo, lakini kirimoti cha kuingizia namba kiko sebuleni kwao na wanalala saa nne. Nimewahi kumaliza zamu kwa betri ya laptopu na intaneti ya simu.

Volti230
Hilo ndilo lilitakiwa liwe sentensi ya kwanza ya uzi. Huna tatizo la inveta ya milioni na nusu, una tatizo la kirimoti. Ongea na mwenye nyumba muwe mnaweka units za kutosha mchana, au utafutiwe mita yako. Na huo waya uliovutwa ni wa unene gani? Gusa plagi saa tisa usiku feni na vyote vikiwa vinafanya kazi. Ikiwa ya moto, leta fundi umeme kabla ya kuleta kitu kingine chochote, na aangalie kama kuna ethi, ule waya wa ardhini. Hapo chukua betri ndogo tu ya kukuvusha saa mbili tatu.

Dada_Iringa
Units zikiisha saa saba, zamu inaisha saa kumi na mbili. Saa mbili tatu zinamvusha wapi?

Volti230
Kama units zinajazwa mchana haziishi saa saba.

Dada_Iringa
Kama.

Mzee wa Keko
Kiti bado ni kile kile lakini, mchana au usiku. Na taa usiiweke nyuma yako, monita itakuakisia. Weka ubavuni, na ukingo wa juu wa monita uwe sawa na macho. Panga vitabu chini yake, siyo lazima kununua kigoda.

Kijana_wa_Goba
Mwenye nyumba kasema tuongee Jumapili baada ya ibada. Mjini siendi kwanza. Ila kiti cha mtumba nimetumiwa picha, mguu wa alumini, mweusi, laki mbili. Nashindwa kuamua.

Mzee wa Keko
Chukua.

Dada_Iringa
Maji ya moto.

Mpemba Halisi
Samahani kuingilia. Hiyo lithiamu ya 100Ah inaweza kuendesha friji ya dukani, ya milango miwili, mchana kutwa?

Volti230
Fungua uzi wako mkuu. Na useme wati zake.